Kitambaa cha Wifi

Tarehe 11 Juni

Kwako Spana, mdogo wangu,

Barua yako imefika na alama ya grisi kwenye bahasha, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza imetoka kwa nani. Sisi huku ni wazima. Goti la shemeji yako linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Anashinda mlangoni akihukumu wapita njia na viatu vyao. Binti yangu amepata kazi kwenye duka la miwani, na tangu siku hiyo anatutazama sote kama vipofu. Chumba cha kazi hakipumui: mashuka ya hoteli, kila moja linataka herufi zake pembeni. Jirani yetu mchonga funguo bado yupo na mashine yake, ikilia utadhani anachonga meno yangu.

Unasema nipige simu. Simu tuliijaribu. Mara ya mwisho ulinikatia wewe, mara ya kabla yake nilikukatia mimi. Barua haikatiki, hata ukiitupa chini itaendelea kusema.

Sasa hilo swali lako. "Dada, kitambaa kikikunjamana baada ya kutarizi, unakinyooshaje?" Nimelisoma mpaka wasichana wangu wawili wa kazi wakauliza kama nimepata habari mbaya. Nikawaambia ndiyo. Fundi wa malori aliyestaafu, mikono iliyozoea kushusha giaboksi, ananiuliza mimi habari za sindano!

Usifikiri sijui hicho ni kitambaa gani. Sikukuu iliyopita nilisema mezani kwangu kwamba kazi za mkeo, na vijiwe vyake vya kung'aa, zinafaa kuwa kava la simu. Nilisema kweli tupu. Naye akasimama mbele ya ukoo mzima akaapa: "Wifi, sikukuu ijayo kitambaa cha juu ya meza hii nitakitarizi mimi, na vijiwe vyake, nawe utanyamaza." Watu wakapiga makofi. Nikakubali. Leo mwaka umefika katikati na yeye anatuma mume! Mwambie mtu huapa kwa kadiri ya mikono yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano, kabla hajaondoka na maarifa yangu pamoja na mdogo wangu kwa safari moja.

Kitambaa kinakunjamana kwa sababu unavuta uzi. Uzi si nati, Spana. Hauhitaji kukazwa. Ukifika tu kwenye kitambaa, uache upumue.

Nisalimie nyumba nzima, hata huyo mwenye kiapo.

Dada yako


Tarehe 2 Julai

Dada yangu mwenye ulimi wa wembe,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia wote wazima, na goti la shemeji nalitakia nafuu, maana mtu akikosa miguu husema zaidi. Huku tunaendelea. Paa la jikoni lilivuja nikaliziba. Mwanangu mkubwa alipita wiki iliyopita na wanawe, wakamaliza sukari, wakaondoka.

Ni kweli, ninayeshona ni mimi. Mke wangu anasimamia. Ana shughuli nyingine kwa sasa, usiniulize zaidi, na chumba chake cha kazi kipo kwenye ukarabati. Anakaa kwenye kiti, mimi nakaa mezani, ananiambia pita hapa, toka pale. Katikati kuna nyota kubwa. Pembe nne zina matawi, majani na matunda mekundu, na juu ya kila tunda kijiwe cha kioo. Cheka, ukimaliza unijibu.

Nina tatizo. Vile vijiwe vina gundi nyuma. Unaweka kimoja mahali pake, unakandamiza kwa pasi ya moto, kinanata. Mke wangu alikuwa amelala, nikaona hiyo ndiyo kazi rahisi, nikaanza nayo. Nikabandika vyote. Vilipendeza hasa, dada, ungeona. Sasa fremu ya duara inayobana kitambaa haifungi kwa sababu ya vijiwe, na nikipitisha sindano inagonga kioo. Kimoja kiliruka kikaingia kwenye chai yangu, nikakiokoa kwa ulimi. Alipoamka akaona, alinitazama tu.

Nifanye nini?

Mdogo wako


Tarehe 24 Julai

Kwako Spana,

Tumepokea, tumesoma, tumecheka mpaka shemeji yako amesahau goti. Habari za huku ni zile zile. Hoteli imerudisha mashuka kumi ikidai herufi zimeinama. Nikaenda mwenyewe na rula, nikamwonyesha msimamizi kwamba kilichoinama ni kitanda.

Umepaka gari rangi kabla ya kunyoosha bodi. Hata wewe, na utaalamu wako wote wa kugongagonga, hungemfanyia mteja hivyo. Kutarizi kwanza. Ukimaliza unafua, unalaza kitambaa kifudifudi juu ya taulo nene, unapiga pasi kwa nyuma. Vijiwe vinakuja mwisho kabisa, wakati hakuna tena sindano wala maji yatakayopita hapo. Mkeo analijua hilo, na kama kweli anasimamia basi anasimamia akiwa amefumba macho. Sasa ligeuze hilo balaa, pasha moto kwa nyuma mpaka gundi ilainike, kisha ng'oa kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi. Kibano, nimesema. Usije ukaleta koleo la gereji.

Na hiyo habari ya ukarabati, mdanganye mwingine. Mteja wangu mmoja amepita mji wenu. Ameniambia chumba cha mkeo kimefungwa na kufuli limeanza kushika kutu, na kibao cha mlangoni kimeshushwa. Ukarabati gani unaoshusha kibao? Sema tu biashara imemshinda. Sikusikitika hata kidogo. Nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba mwenye kutegemea kung'aa atazima, na kwamba vijiwe ni kichaka cha kufichia mshono mbovu. Amezima. Sasa ameona aibu kushika sindano na anajificha nyuma ya mume. Kama anataka kuvunja kiapo, aseme amevunja, nitandike kitambaa changu, yaishe.

Kama hataki kuvunja, basi sikilizeni sharti langu. Hakuna kitambaa kitakacholala juu ya meza yangu kabla sijauona mgongo wake. Mbele ya kitambaa ni ya wageni; nyuma ndiko fundi anakokaa. Kitumeni kwa basi mapema.

Dada yako


Tarehe 17 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu.

Barua yako ya mwisho ilisomwa kwa sauti sebuleni kwangu, yote. Sitasema zaidi ya hapo.

Vijiwe nilivitoa kwa kibano kama ulivyosema, nikatarizi, nikafua, nikapiga pasi kwa nyuma, nikavirudisha. Kitambaa kinakuja na basi la Alhamisi, dereva ni kijana wa zamani wa gereji yetu, atakuletea mpaka mlangoni. Ukimaliza kukikagua kirudishe, pindo halijamalizika.

Mwenye kiapo anasema hivi, naandika alivyosema: "Mwambie aanze kung'arisha meza."

Mdogo wako


Tarehe 5 Oktoba

Kwako Spana,

Hatujambo. Shemeji yako amepewa fimbo ya kutembelea, sasa anahukumu wapita njia kwa kuwanyooshea. Binti anasalimia.

Kitambaa nimekipata. Nimekitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, dirishani, mchana, nikavaa miwani ya bure niliyopewa na binti. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, na kwa kweli mwanzo nilifurahi.

Nyota imenyooka. Imenyooka kama bango la barabarani, lakini imenyooka, sikunyimi. Pembe tatu ni zako, hazihitaji sahihi. Majani yako ni magumu, ukiyagusa unadhani yamelehemiwa. Nilipogeuza nyuma nikakuta nyuzi zimevuka huku na huko, mafundo juu ya mafundo, mfano wa nyaya za lori lililoungua. Kikombe kikiwekwa juu ya mafundo yale kitapiga magoti. Na vijiwe navyo! Ulishawahi kuweka sahani juu ya kijiwe? Inacheza. Wageni wangu watakula kwa mkono mmoja, wa pili wakishikilia sahani. Hayo ndiyo mapambo ya kisasa.

Kisha nikafika pembe ya nne.

Kwa mbele ni vichekesho. Mshono mmoja mrefu, wa pili mfupi, shina limelewa, majani yanagongana. Mtoto wa shule angefanya vizuri zaidi. Nikawaita wasichana waje wacheke. Wakacheka. Nikageuza niwaonyeshe na nyuma.

Nyuma hakuna fundo hata moja. Uzi umeanzia chini ya mishono, umerudi hatua, ukafichwa. Hivyo nafundisha mimi, na kwa vidole vyangu viwili nitakuhesabia watu walioweza. Wewe humo katika hao. Nikaangalia shina tena. Mtu wa mkono wa kulia akishona shina, uzi hujisokota upande mmoja, ni lazima, hata ukimwamsha usingizini utajisokota huko. Hili limejisokota upande mwingine. Limeshonwa kwa mkono wa kushoto.

Wasichana walikuwa bado wanacheka nikawafukuza.

Nilikaa na mkeo kwenye benchi moja miaka mitatu kabla hujamwona. Anakula kwa kulia, anakata kwa kulia, na siku ile aliyonitupia kikasha cha pini alinitupia kwa kulia. Spana, usiniletee habari za paa la jikoni. Mkono wake wa kulia uko wapi?

Dada yako


Tarehe 19 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za wengine.

Ni kiharusi. Kilimpata mwezi wa tano, asubuhi, kwenye chumba chake cha kazi. Alikuwa anamkatia mteja kitambaa, mkasi ukamdondoka. Akainama kuuokota, hakuinuka. Upande wote wa kulia ulikwenda. Mguu umerudi kiasi, anavuka sebule akishika kuta. Maneno yamerudi, ila yanatoka polepole. Mkono haujarudi. Daktari wa mazoezi ni mtu mpole, na kila nikimuuliza kuhusu mkono anazungumzia mguu.

Aliniapisha nisikwambie. Nilimuuliza kwa nini, huyu si dada yangu? Nilikuja kuelewa mwenyewe baadaye. Wageni wakija wanaongea na mimi. "Amekula? Amelala vizuri?" Na yeye yupo pale pale, anasikia kila kitu. Akinyanyua kijiko, makofi. Akisimama, makofi. Wateja wake wa zamani wanamshika kichwa. Jioni moja akaniambia, neno moja moja: "Wananipigia makofi kama mtoto aliyejifunza kukaa chooni."

Barua zako ndizo alizokuwa anazisubiri. Nasema kweli. Alikuwa ananiambia, soma yote, usiruke. Nikiruka anajua, maana anakujua. Ile uliyosema biashara imemshinda, niliruka pale. Akasema rudi. Nikarudi. Nilisoma nikitamani kuichana, na wewe nilikuchukia, nakwambia wazi. Siku ile hata chai hakugusa. Asubuhi yake akasema: "Lete sindano." Nikamwambia, mama, mkono haufanyi kazi. Akasema: "Ninao mwingine."

Ile pembe ilimchukua wiki nyingi. Mimi nilikuwa namtungia uzi tu. Alipomaliza, watu wa huku wote walimwambia ni nzuri mno. Hakuwaangalia hata usoni. Anasubiri wewe utasema nini.

Sasa nimevunja kiapo chake na sijui nikuombe nini. Ukimwandikia pole, utakuwa umemmaliza. Atajua nimesema, na atajua nawe umejiunga na wapiga makofi. Lakini mimi pia nimechoka kukaa mbele ya mgonjwa nikimsomea matusi. Naogopa yote mawili. Wewe ni mkubwa, amua wewe.

Mdogo wako


Tarehe 3 Novemba

Kwako Wifi,

Hii ni yako. Mumeo ni msomaji tu, na asiruke.

Huku hatujambo. Mume wangu anatembelea fimbo na kiburi. Binti yangu anasema ukija atakupima miwani. Nimemwambia macho yako hayajawahi kuwa na kasoro, kasoro ni vitu unavyopenda kuvitazama.

Mumeo ameniambia. Usimgombeze, nilikuwa nimeshajua, kitambaa kilisema kabla yake. Kama nililia, hayo ni mambo yangu na mlango wangu wa chumba cha kazi, ambao nilikuwa nimeufunga. Ameniomba niangalie nitakachosema. Hajawahi kuniomba jambo gumu kama hilo. Pole sina. Zile nilizokuwa nazo nimezitoa kwa watu wasioweza kujibu, na wewe sijawahi kukuona umekosa jibu. Yale niliyoandika juu ya chumba chako kufungwa nimeyakumbuka. Sentensi mbili nazifuta. Zilizobaki zibaki, hasa ile ya vijiwe.

Tuje kwenye kazi.

Pembe zile tatu za mumeo ni mbaya kuliko yako. Nimeziacha kama zilivyo. Yeye ni fundi wa malori. Nikimkosoa mpaka mwisho nitakuwa namwonea. Pembe ya nne ni ya fundi wa kutarizi, na nimeikagua kama ya fundi. Mishono haina urefu mmoja. Jani la chini limemeza tunda lake. Kijiwe kimekaa pembeni, utadhani tunda limeota chunusi. Nyuma ni safi. Sikusifu kwa hilo, ndivyo ulivyofundishwa.

Najua kwa nini mshono umeyumba. Fremu inatembea kwa sababu hakuna wa kuishika. Mumeo ana jiriwa ya gereji, ile ya kubania vyuma. Aifunge kwenye ukingo wa meza, atie kipande cha godoro katikati isiumize mbao, abane fremu humo. Isisogee hata nywele. Mkono wako ushughulike na sindano peke yake. Na kaa upande ambao mwanga unatoka kulia kwako sasa. Ulikaa kwa mazoea, ukawa unajishonea kwenye kivuli. Kimekaa kwenye kila mshono.

Wamekuambia ni nzuri mno. Hao wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Walimaanisha ni nzuri kwa mgonjwa. Ningeweza kuitandika hivyo hivyo. Wageni wangepitisha vidole juu yake, wangetazamana, wangesema masikini, ameweza. Mezani kwangu! Na mimi ningekaa pale nikitabasamu, nimenyamaza, na wewe ungejidanganya kwamba umeshinda. Hukuapa hivyo, Wifi. Uliapa nitanyamaza kwa sababu sitakuwa na la kusema. La kusema ninalo, karatasi hii haitoshi.

Kwa hiyo nimechukua mkasi mdogo nikaifumua. Shina, majani, matunda, yote. Vijiwe nimevifunga kwenye karatasi, vimo humu, na kitambaa kinarudi kwa dereva yule yule. Mchana mzima umeniishia, maana uzi uliuficha vizuri na sikutaka kuchana kitambaa. Sasa hapo ni peupe, hakuna hata tundu la sindano.

Sikukuu haiko mbali, na meza yangu haijatandikwa. Shona tena. Ukishindwa, nitaweka kitambaa changu, na kiti chako nitakivuta karibu na changu, nikuonyeshe mshono mmoja baada ya mwingine mpaka chakula kipoe.

Wifi yako